Godoro Halikohoi

Marahaba, wajukuu. Najua hamjaniamkia bado, lakini nimeona nijibu mapema, maana siku hizi mnapita mmeinamia simu, na shikamoo yenyewe inafika mtu ameshakata kona.

Mimi ni Kalunde, mzaliwa wa Kwihara, mshona magodoro wa Tabora mjini mpaka vidole vilipokataa. Shule niliishia darasa la nne. Mwalimu wetu Petro alisema kichwa changu ni kizuri ila hakikai ndani ya darasa, na alisema kweli. Anayenichapia haya ni Neema, binti wa mwanangu Ester. Nimemwambia anyooshe herufi tu, maneno ayaache kama yalivyonitoka.

Kilichoanzisha yote ni yeye. Majuzi aliniuliza, "Bibi, hivi mtu akiamka usiku amelowa jasho, huo ni ugonjwa?" Kumbe chuoni kwao wamebishana. Mmoja amesema ni mapepo, mwingine amesema ni figo, wa tatu amesema ni dhambi. Nikacheka mpaka kikombe kikanimwagikia. Nikamwambia, mwanangu, hapa umefika penyewe. Daktari anamjua mgonjwa kwa vipimo, padri anamjua kwa maungamo, mimi nimewajua watu wa Tabora kwa upande wa chini wa magodoro yao. Godoro likiletwa kufumuliwa, huwa linaeleza. Nani analala katikati, nani amesukumiwa ukutani, nani anakojoa na kusingizia mtoto, nani anatoka jasho. Sikuwahi kumtaja mtu, na leo pia nitawataja wale tu walioniruhusu, au waliotangulia na hawana tena cha kuona aibu.

Kazi hii nilifundishwa na Bi Mwamvua wa Gongoni. Babu yake alikuja huku na misafara ile ya zamani, amejitwika majora ya marekani, kile kitambaa cha kushonea magodoro, kutoka pwani. Bi Mwamvua alikuwa akisema, "Babu aliibeba hii marekani begani, mimi naijaza pamba, kila mtu na mzigo wake." Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko shazia, ile sindano nene tunayotobolea magodoro. Tulikaa kibarazani kwake, pamba ikiwa imetandazwa juani, sisi tunaichambua kwa vidole na kuichapa kwa fimbo mpaka ifure kama povu.

Somo la kwanza alilonifundisha lilinitoka puani. Masika moja nilikuwa na haraka ya kwenda harusini, nikajaza godoro la Mama Veronika wa Cheyo kwa pamba ambayo sikuichambua vizuri. Mbegu zimo, na unyevunyevu umo. Nikashona nikaondoka zangu. Baada ya siku kadhaa Mama Veronika akaja ameshika kiuno. "Bi Mwamvua, njoo uone binti yako alichonifanyia." Tukaenda. Godoro limetoa vijichipukizi vya kijani kwenye mshono, kimoja huku, kingine kule. Bi Mwamvua akainama, akakikuna kimoja kwa kucha, akaniangalia.

"Kalunde," akasema, "mimi nilikutuma kushona godoro. Wewe umeshona shamba."

Akanilalisha juu ya godoro lile mpaka unyevu ule ukaniingia mgongoni nikaujua. Tangu hapo sijawahi kusikia watu wakisema godoro ni kitu cha kulalia tu nisiwacheke. Godoro linavuta maji yako usiku kucha. Usipolipa jua, siku moja litakurudishia.

Somo la pili lilikuwa siri. Kabla ya kufunga mshono wa mwisho, kona ya miguuni, Bi Mwamvua alikuwa akitia kifurushi kidogo cha majani ya kivumbasi yaliyokaushwa kivulini, kimefungwa kwa uzi mwekundu. Kivumbasi kinafukuza kunguni. Uzi ni mwekundu ili siku ya kufumua usije ukaukata kwa wembe. "Mteja usimwambie," alinionya. "Akijua atajitilia mwenyewe, na wewe utakula nini?" Nikaishika siri ile, na mkono wangu ukazoea kutia kifurushi kama mpishi anavyotia chumvi, bila kufikiri. Likumbukeni hili.

Sasa jasho. Aliyenifungua macho ni Saidi wa vipuri vya baiskeli. Yalipoingia haya magodoro ya sponji, yeye alikuwa mmoja wa wa kwanza kununua mtaani kwao. Baada ya muda akanijia uso umenuna.

"Mama Kalunde, nishonee la pamba. Lile la dukani linavuja."

"Linavuja nini?"

"Maji. Asubuhi nikiamka mgongo wote chapachapa."

"Na maji yenyewe yanatoka wapi?"

"Ndiyo nashangaa mimi!"

Nikamfuata hadi kwake. Mkewe Zainabu akanipokea mlangoni akicheka, akaninong'oneza, "Ukimsikia akijigeuza usiku, kracha kracha, utadhani mtu anafungua biskuti gizani." Kuingia ndani, naona godoro limo bado ndani ya nailoni yake ya dukani, limetandikwa shuka juu. Saidi hakutaka kuitoa, eti lisichakae. Yaani mwanamume mzima analala kama ugali kwenye mfuko! Nikatoa wembe nikaipasua. Alipiga kelele kama nimemchinjia beberu wake wa kuzalisha. Kesho yake akaniletea taa ya baiskeli ya zawadi, na mimi hata baiskeli sina.

Basi nikajiona mganga. Kila aliyelalamika jasho nikamwambia ondoa nailoni. Wako wengi waliopona, maana hapa kwetu kuna watu mpaka leo hawajavua nailoni kwenye makochi. Lakini siku moja akaja Hamisi, mchukuzi wa mizigo pale stesheni, shati linamning'inia kama limeanikwa. Akasema anatoka jasho usiku mpaka anakamua shuka. Nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu, "Ondoa nailoni."

"Nailoni gani, dada? Mimi nalalia ngozi ya ng'ombe." Akakohoa.

Bi Mwamvua alikuwa ndani anapika. Akatoka na mwiko mkononi. "Umekohoa tangu lini?"

"Tangu kabla ya kuvuna mpunga."

"Na hiyo suruali ulishona hivyo, au wewe ndiye umepungua ndani yake?"

Hamisi akacheka kidogo, akakohoa tena. Bi Mwamvua akanigeukia. "Kalunde, godoro halikohoi. Wala halimkondeshi mtu. Shika jiko." Akajifunga kanga, akampeleka Hamisi hospitali mwenyewe, anatembea nyuma yake kama anayeswaga ng'ombe asije akarudi njiani. Ilikuwa kifua kikuu. Alipewa vidonge akavimeza mpaka vikaisha vyote, hakuacha alipopata nafuu kama wanavyoacha wengine, akapona kabisa. Alirudi kubeba magunia, na kila akipita mbele ya kibaraza chetu alikuwa akijipiga kifua: "Bi Mwamvua, sikiliza! Hakuna kitu!"

Maneno yale ya godoro halikohoi ndiyo yaliyokuja kuniokoa Kigwa. Niwapeleke huko sasa.

Miaka michache kabla sijaacha kazi alikuja binti mmoja anaitwa Nyamizi, kwao Igunga, ana uchumba na Maganga wa Kigwa. Kule kwao bibi harusi anapoingia kwa mume hupeleka zawadi kwa mama mkwe. Wengine blanketi, wengine vitenge. Nyamizi alikuja na magunia ya pamba, ameichuma kwa mikono yake shambani kwa baba yake.

"Bibi," akasema, "mama yake Maganga tangu afiwe na mume analalia majani kwenye gunia. Nataka alale pazuri. Lijaze nene."

Nililijaza nene. Katika magodoro yote niliyoyashona lile ndilo lililosimama vizuri. Harusi ikapita, sikusikia neno. Halafu wakati wa kipupwe simu ikalia. Ni Mzee Shija, kaka wa marehemu baba yake Maganga, mkubwa wa ukoo ule.

"Mama Kalunde, lile godoro la mke wa Maganga ni wewe uliyelishona?"

"Ni mimi, kaka. Linasumbua?"

"Shemeji yangu tangu alilalie anaamka amelowa kama aliyevuka mto. Anasema limetiwa kitu. Njoo kesho ulifumue kwa mkono wako, watu wakiona."

"Na kikionekana kitu?"

"Nyamizi atarudi kwao. Na ng'ombe watarudi kwetu."

Nilipanda gari la asubuhi. Kwa kweli sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Niliijaza pamba ile mwenyewe, nitafumua, wataona pamba, tutakunywa chai. Ndivyo nilivyojua.

Nimefika uani nimekuta watu wamejaa. Ilikuwa ile baridi ya kwetu ya mwezi wa saba, upepo unakata masikio, kila mtu na sweta lake au blanketi mabegani. Mama Maganga amekaa kwenye kigoda, amejifunga kanga tu, anajipepea kwa kipande cha boksi. Jamani, nilimwona akijipepea na sikuona! Macho yangu yalikuwa kwa Nyamizi. Amekaa mlangoni juu ya sanduku lake la bati, limeshafungwa kamba. Mumewe Maganga amesimama kando ya ghala, mikono nyuma, anatazama kuku. Nikasema moyoni, huyu kijana anampenda mkewe, ila anamwogopa mama yake, na hajui aanze na lipi.

Shangazi Kabula, dada yake Mzee Shija, alikuwa amenyoosha simu anapiga picha.

"Kabula, weka simu hiyo chini," Mzee Shija akamwambia.

"Ni ushahidi, kaka."

"Ushahidi gani, umeishika miguu juu?"

Watu wakacheka kidogo, halafu wakakumbuka walikuja kwa jambo gani.

Godoro likaletwa, likalazwa kwenye mkeka. Nikatoa wembe nikaanza kufumua upande wa kichwani. Pamba nyeupe safi. Nikaitoa mafungu mafungu nawaonyesha, "Hii hapa, kuna kitu?" Hakuna. Katikati, hakuna. Nyamizi akaanza kuinua kichwa. Nikateremka miguuni, na mkono ulipokaribia ile kona ndipo nikakumbuka.

Kivumbasi.

Wajukuu, mimi mwenyewe jasho lilinitoka. Nikafikiri nikifumbe kiganjani, lakini macho ya ukoo mzima yako kwenye mikono yangu. Nikavuta pamba na kifurushi kikadondoka mkekani. Majani makavu, uzi mwekundu. Angalia mwenyewe uniambie kama kuna kitu duniani kinachofanana zaidi na uchawi!

"Hicho! Hicho hapo!" Mtu akaangusha kibuyu. Watoto wakakimbizwa ndani.

Mama Maganga akasimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nyamizi," akasema, "nimekukosea nini, mwanangu?"

Nyamizi akanitazama. "Bibi, hiyo ni nini?"

"Ni yangu," nikasema kwa nguvu. "Nimeitia mimi. Huyu binti haijui hata kwa harufu."

"Basi mchawi ni wewe," akasema Mzee Shija.

"Mimi ni fundi. Hiki ni kivumbasi, cha kufukuza kunguni. Natia kwenye kila godoro."

"Aliyekamatwa na kuku wa watu naye husema alikuwa akimpeleka kwa mwenyewe."

Nikaona hapa maneno hayatoshi. Nikasimama katikati ya ua. "Nani mwingine hapa analalia godoro langu?"

Ile simu ikaanza kushuka taratibu. Shangazi Kabula akasema kwa sauti ndogo, "Langu… langu lilitoka kwako. Mwaka ule niliojifungua Kulwa na Doto."

"Unatoka jasho usiku?"

"Mimi? Mimi treni inapita hapo nyuma na siisikii!"

"Lilete."

Likaletwa, wanaume wawili wamelibeba kichwani. Nikafumua kona ya miguuni tu. Pamba imeshikana, imekuwa ya kijivu, na ndani yake kifurushi, kimekauka kimekuwa kama tumbaku, uzi mwekundu ule ule. Nikamkabidhi mkononi. Akakinusa, akapiga chafya, akasema, "Miaka yote hii nimelala na huyu mtu miguuni, na hajawahi hata kunisalimia!"

Ua mzima ukacheka. Mzee Shija akajikuna shingo, akasema chinichini, "Hata langu ni la kwako."

"Tulifumue?"

"Liache. Nimeshaamini."

Nilidhani yamekwisha. Lakini Mama Maganga alikuwa bado amesimama, na kicheko kile kilimwingia vibaya. "Kwa hiyo mimi mwongo? Jasho langu la kuigiza? Nyie mmelala, mimi nakamua shuka, moyo unakwenda mbio, nasema nakufa. Godoro hili limekuja, na jasho limekuja. Mnanicheka mimi?"

Na alikuwa na haki. Nyamizi, aliyekuwa ameinuka kwenye sanduku, akakaa tena. Kivumbasi kilikuwa kimesafishika, yeye hakuwa amesafishika. Kama jasho lingeendelea, kesho wangetafuta kwenye blanketi, keshokutwa kwenye chumvi.

Ndipo nikamtazama vizuri Mama Maganga. Upepo ule wa kipupwe, sisi wote tumejikunyata, yeye paji la uso linameta, matone yanamteremka shingoni, na kile kipande cha boksi hakijapumzika tangu nifike.

"Mama Maganga," nikamwita taratibu, "sasa hivi umelalia godoro gani?"

"Unasemaje?"

"Godoro hilo hapo chini, nimelipasua. Na wewe umesimama. Mbona unatoka jasho?"

Akajishika shingo. Akautazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine.

Nikawaambia wanaume wakae na magodoro yao, sisi wanawake tukaenda nyuma ya jiko. Nikamuuliza yale ya Bi Mwamvua. Unakohoa? Hapana. Umekonda? Kanga inazunguka pale pale, wala sijakonda, labda nimeongezeka. Homa? Hapana, ni moto unaanzia kifuani unapanda usoni, halafu maji, halafu baridi. Na siku zako?

Akatazama chini. "Zinakuja zikitaka, zinaondoka zikitaka. Kama mgeni asiye na adabu."

"Tangu lini?"

"Tangu… kipindi cha harusi."

Nikamshika mkono. "Dada, hata mimi nilipita hapo. Nilikuwa natoka jasho nimeshika shazia, inateleza kama samaki, nikadhani ni pamba inaniingia kifuani. Huo ni mwili unafunga duka la uzazi, na kufunga duka kuna kelele zake. Hujalogwa."

Akaanza kulia. "Nilidhani naondoka. Nikasema naondoka na sijashika mjukuu."

"Huondoki popote. Lakini neno langu lisikutoshe. Mimi nilishawahi kumtibu mwenye kifua kikuu kwa kumwondolea nailoni. Twende zahanati upimwe."

Sauti ikasema nyuma yetu, "Mama, nitakupeleka mimi." Ni Nyamizi. Alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, sijui alisikia mangapi. Mama Maganga akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Nichukulie kitambaa changu cha kichwani. Kiko ndani, kwenye msumari." Nyamizi akaingia mle ndani alimokuwa karibu kufukuzwa, akakitoa.

Pale zahanati alikuwepo Nesi Pendo, binti mpole, ana mwanya. Hakucheka hata nilipomsimulia ya kivumbasi, ingawa niliona anajiuma mdomo. Alimpima Mama Maganga damu ya malaria, sukari, presha, na Ukimwi kwa hiari yake, akamuuliza habari za kikohozi na uzito, akamgusa shingo kuona kama kuna uvimbe, akamuuliza kama kuna dawa anazotumia, na usiku analalaje. Vyote vikaonekana salama. "Mama," akasema, "mtoto wa kike akivunja ungo mnamcheza ngoma. Mtu anayemaliza hedhi naye anastahili ngoma, ila hakuna anayempigia. Ndiyo maana mnaogopa." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Bibi, godoro lako halina uchawi, ila lina lawama kidogo." Akaeleza: jasho ni la umri, sawa, lakini godoro nene vile, na blanketi zito juu, na dirisha limepigiliwa mbao, ni kama kuweka sufuria inayochemka juu ya moto mwingine. Nilimkubalia. Fundi asiyekubali kuambiwa atashona mashamba mpaka afe.

Sasa Neema anasema vidole vimechoka, ila haya ya nesi na ya kwangu lazima ayaandike, maana ndiyo mliyouliza.

Jasho la usiku kwanza ni la kawaida. Mtu akijifunika kama gunia la mkaa, akifunga dirisha, akilala na shuka za nailoni zinazong'aa, atalowa, na hana ugonjwa. Afungue dirisha aweke wavu, neti ya mbu aiache pale pale. Alale na shuka la pamba au kanga mbili nyepesi badala ya blanketi moja zito, maana kanga unaweza kuivua moja na kubaki na moja, blanketi ni lote au hapana. Pilipili, chai ya moto na pombe avipitishe mapema jioni. Marehemu mume wangu Yohana alikuwa akitoka jasho kila Jumapili usiku, na kila mtu mtaani aliijua sababu isipokuwa yeye. Aoge maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Pembeni ya kitanda kiwepo kitambaa kikavu na maji ya kunywa, ili ukiamka umelowa usikae unawaza mapepo. Jifute, badili, kunywa, lala. Hofu nayo hutoa jasho, kwa hiyo ukiogopa jasho unaliongeza. Na godoro lianikwe, upande huu na upande huu.

Lakini ukitoka jasho na unakohoa wiki zinapita, au unakonda, au homa inakuja na kuondoka, au umepata uvimbe, usiniulize mimi wala usimuulize rafiki wa chuoni. Nenda hospitali. Mwenye sukari anayetumia dawa akiamka amelowa na anatetemeka, ale kitu kitamu hapo hapo, akishatulia amwone daktari. Na kuna dawa za ugonjwa mwingine zinazotoa jasho. Usiziache mwenyewe, kaulize. Godoro halikohoi.

Mama Maganga hakupona siku moja. Jasho lilipungua kidogo kidogo, likawa linakuja kama jamaa wa mbali. Kila jioni Nyamizi alikuwa akimwekea kanga kavu kando ya kitanda, imekunjwa. Nayajua haya kwa sababu Mama Maganga mwenyewe alinipigia simu kunisifia kanga zinavyokunjwa.

Lakini nimeruka jambo, na ndilo nililotaka kumalizia.

Jioni ile tuliporudi kutoka zahanati, watu walikuwa hawajaondoka. Nani aondoke kabla hajajua? Mzee Shija akatangaza kwa maneno machache kwamba mama ni mzima na jambo limekwisha. Maganga akaliacha ghala, akaenda mlangoni, akalinyanyua sanduku la bati, na bila kumtazama mtu akaliingiza ndani. Mimi nikakaa mkekani nilishone godoro upya. Nilipunguza pamba, iliyobaki nikashona mto. Mama Maganga alikaa karibu yangu, anapepea, anatazama.

Nikafika kona ya miguuni. Nikasimamisha sindano. Kile kifurushi kilikuwa bado mkekani, hakuna aliyethubutu kukigusa mchana kutwa. Nikasema, "Dada, hiki nikiache nje. Kunguni utapigana nao mwenyewe."

Aliinama akakiokota, akakipangusa vumbi, akakinusa. Halafu akaita kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya jirani.

"Nyamizi! Njoo hapa, mwanangu."

Nyamizi akaja, mikono ina unga. Mama Maganga akamwekea kile kifurushi kiganjani, uzi mwekundu unaning'inia, watu wote wanaona.

"Kitie wewe," akasema. "Kitie vizuri, kisije kikasogea."

Binti akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye godoro la mama mkwe wake mbele ya ukoo mzima, akakisukuma mpaka mwisho wa kona. Nikashona. Shangazi Kabula alikuwa amenyoosha simu, safari hii ameishika sawasawa, na amesahau kuiwasha.